Vituko vya Ndege wa Uani Lodwar na Kakuma

Saa saba mchana, katika ua wa nyumba ya Lodwar, kwezi hujilaza kifudifudi juu ya mchanga unaochoma. Mabawa ameyatandaza, manyoya ya mgongoni yamesimama, mdomo uko wazi na jicho halipepesi. Mtoto anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani amekufa, akaenda kumwokota. Zikibaki hatua mbili tatu, ndege huyo huruka, hutua kwenye tawi la mwarobaini na kuanza kuchambua manyoya yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Vituko vya namna hii ni vingi Turkana. Wako ndege wanaopigana na vioo vya magari, wanaoota jua wakiwa wamening'inia vifua nje, wanaobandika mayai kwenye jani kwa mate, wanaolisha na kulea watoto wasio wao, na wanaomzomea bundi mchana kutwa mpaka ahame mti. Watu huvieleza kwa njia tatu: ndege ni mgonjwa, ndege amepagawa, au ndege ameleta habari. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya vituko hivyo huelezeka kwa mambo manne ya mahali penyewe: joto, uhaba wa maji, mvua isiyotabirika, na vitu vipya ambavyo binadamu ameviweka mbele ya ndege.

Mahali penyewe ni pakame. Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, iko kando ya Mto Turkwel. Mvua ya mwaka mzima hukaribia milimita 200 tu kwa wastani, na joto la mchana hufika nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kakuma iko umbali wa kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi, kando ya laga ya Tarach ambayo huwa mchanga mtupu mpaka mvua inyeshe milimani. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992, na tangu wakati huo maelfu ya familia zimepanda miti ya kivuli na mboga mahali palipokuwa na miba na kokoto. Bustani za huku hazina majani ya kukata. Bustani ni mwarobaini mmoja mlangoni, mgunga uliosazwa wakati wa kujenga, ua wa mathenge, na magunia ya sukuma wiki yanayonyweshwa maji ya kuoshea vyombo. Hata hivyo, kwa ndege kila ua kama huo ni chemchemi jangwani. Ndege ambao kwingine wangetawanyika msituni hukusanyika hapo, karibu na macho ya watu, na ndiyo maana mambo yao huonekana wazi kuliko kwingine.

JOTO

Mwili wa ndege una joto la kati ya nyuzi 40 na 42. Mchana wa Lodwar, hewa ya nje inakaribia kiasi hicho, na juu ya mchanga au bati joto hupita hapo. Ndege hana tezi za jasho. Njia zake za kujipoza ni chache: kukaa kivulini, kuinua mabawa ili hewa ipite ubavuni, kuhema kwa mdomo wazi, na kutetemesha ngozi ya koo ili unyevu utoke haraka. Kunguru mwenye mkia mfupi mpana, aliyezoeleka sana Lodwar, huonekana juu ya paa akiwa ameachama kama anayetaka kusema jambo. Hana njaa wala kiu ya wakati huo; anapunga hewa kooni.

Njiwa na hua wana njia ya ziada. Wao hupoteza maji mengi kupitia ngozi yenyewe, kwa hiyo hua anaweza kutulia kwenye tawi mdomo umefungwa wakati shomoro jirani yake anahema kwa kasi. Kongoti, yule korongo mkubwa mwenye kipara anayezunguka majaa ya taka na machinjio, ana njia isiyopendeza machoni: hujinyea miguuni. Kinyesi chake cha majimaji kinapokauka hupoza damu inayopita katika miguu hiyo mirefu, na ndiyo sababu miguu yake myeusi huonekana myeupe kama iliyopakwa chokaa.

Kivuli kikiwa adimu, woga hupungua. Kuanzia saa sita hivi shomoro na kwezi huingia chini ya magari yaliyoegeshwa, chini ya matangi ya maji, barazani, hata kati ya miguu ya watu wanaokunywa chai. Wengi husema ndege hao wamefugika. Kilichopo ni hesabu ya hatari: binadamu aliyeketi anaweza kumdhuru, lakini jua hakika litamdhuru.

Gharama ya joto imepimwa vizuri katika Jangwa la Kalahari, Afrika Kusini, kwa hondohondo mwenye mdomo wa manjano. Watafiti waliofuatilia ndege hao kati ya miaka 2008 na 2019 waliona kwamba joto la hewa lilipozidi wastani wa nyuzi 35.7 katika kipindi cha kuatamia na kulea, hakuna kiota kilichofanikiwa. Dume lilihema badala ya kuwinda, jike na vifaranga wakakosa chakula. Lodwar, kiwango hicho ni mchana wa kawaida. Hondohondo wa Turkana ni wa jamii nyingine, waliokaa na joto hili kwa vizazi vingi, lakini habari ya Kalahari inaonyesha jinsi nafasi iliyobaki ilivyo ndogo.

MAJI

Ndege hawahitaji maji kwa usawa. Chozi hupata majimaji katika nekta ya maua, na ndege walao wadudu huyapata katika miili ya wadudu. Walao mbegu kavu, kama hua, shomoro na kwera, lazima wanywe mara kwa mara. Ndiyo maana bomba linalovuja Kakuma huwa na msururu wake wa ndege. Ukitazamwa kwa makini, msururu huo una utaratibu. Hua hutua kwanza mtini na kukaa kimya muda mrefu wakichungulia kama kuna kipanga. Mmoja akishuka bila kudhurika, wengine humfuata kwa mkupuo. Kisha hutumbukiza midomo na kuvuta maji mfululizo bila kuinua kichwa. Ndege wengine wengi hawawezi kufanya hivyo. Shomoro huchota tone, akainua kichwa ili lishuke kooni, akainama tena. Hua humaliza haraka na kuondoka, na mahali penye kipanga haraka hiyo ni uhai.

Hua na njiwa wana jambo jingine linalowafanya waonekane wakizaa hata ukame ukiwa mkali. Ndege wengi wa mbegu huhitaji wadudu wa kulishia vifaranga, na wadudu huja na mvua. Njiwa, dume na jike, hutengeneza ndani ya gole lao ute mzito wenye mafuta na protini, unaoitwa maziwa ya njiwa, na vifaranga huutoa kwa kuingiza midomo yao ndani ya mdomo wa mzazi. Mradi mzazi ana mbegu na maji, kifaranga atakula.

Pembezoni mwa miji hii huonekana firigogo, ndege wa rangi ya mchanga anayeruka kwa makundi kwenda majini. Dume lenye vifaranga huingia majini, hujitikisa na kulowesha manyoya ya tumbo, kisha huruka masafa marefu hadi kwa vifaranga, nao hunyonya maji katika manyoya hayo. Mwingereza Meade-Waldo alieleza jambo hili mwaka 1896 baada ya kuliona kwa ndege aliowafuga, na wataalamu wengi walikataa kuamini kwa miaka mingi. Mwaka 1967 watafiti Cade na Maclean walithibitisha huko Kalahari kwamba manyoya ya tumbo la dume hushika maji kama sifongo. Hubeba takriban mililita 25 kwa safari moja. 

JUA, VUMBI NA SISIMIZI

Kwezi aliyelala mchangani kama maiti anaota jua, na haoti ili apate joto, kwa maana joto analo la kutosha. Manyoya ya ndege hukaliwa na chawa na utitiri wanaoyala na kuyadhoofisha. Yakitandazwa juani, wadudu hao hufa au hukimbia kutoka sehemu zisizofikika na kwenda pale mdomo unapoweza kuwakamata. Ndiyo sababu baada ya kuota jua ndege huchambua manyoya kwa bidii. Huko Marekani, mbayuwayu walioondolewa wadudu kwa dawa walionekana kuota jua kidogo kuliko wenzao ambao hawakutibiwa.

Shomoro hutumia vumbi. Huchimba kishimo chenye ukubwa wa kikombe, hukaa ndani, huchapa mabawa mpaka vumbi lipite kati ya manyoya, kisha hujikung'uta. Vumbi hunyonya mafuta yaliyozidi na kuwasumbua chawa. Ua wenye udongo laini hupata vishimo kama hivyo kwa safu, na kila shomoro hugombea kishimo kilichokwisha kuchimbwa badala ya kuanza kipya.

Tabia ngeni zaidi ni ya sisimizi. Ndege humdaka sisimizi kwa mdomo na kumpaka chini ya bawa na mkiani, au hukaa juu ya njia yao akiwaacha wamtambae. Zaidi ya jamii 200 za ndege duniani zimeonekana zikifanya hivyo, na jamii za kwezi zimo. Maelezo ni mawili: asidi ya sisimizi hudhuru vimelea vya manyoya, au ndege anafuta asidi hiyo ili sisimizi aweze kuliwa. Hoja zote mbili zina ushahidi, na huenda kila jamii ina sababu yake.

Kuzumburu, ndege wa kijivu mwenye mkia mrefu kama wa panya, hufanya yake asubuhi. Kundi zima hushika matawi ya juu kwa kucha na kuning'inia wima, matumbo yameelekezwa jua linakochomoza. Kuzumburu hula majani, maua na matunda, chakula kisicho na nguvu nyingi, na mwili wake hupoa usiku kuliko wa ndege wengi. Jua la asubuhi humpasha bila kumgharimu chakula. Saa tatu ikifika, jua likawa kali, kundi hutawanyika na kuingia ndani ya majani.

NYUMBA ZISIZO ZA KAWAIDA

Kando ya Turkwel mikoma ni mingi, na juu yake huzunguka teleka mwembamba mwenye mabawa kama mundu. Teleka huyu hajengi kikapu wala shimo. Hubandika kijikalio cha manyoya chini ya jani la mkoma linaloning'inia, akitumia mate yake kama gundi. Kisha huyabandika mayai yake mawili kwa mate hayohayo. Mzazi huatamia akiwa amesimama wima, kucha zimeshika jani, huku upepo ukiliyumbisha. Kifaranga akianguliwa hushika jani kwa kucha zake na kukaa hivyo mpaka aweze kuruka.

Zuwakulu naye hushuka ardhini. Mmoja wa jamii yake hutoboa vichuguu virefu vya mchwa ambavyo ni alama ya nchi kati ya Kakuma na Lokichoggio. Mwingine, mdogo mwenye madoa, huchimba shimo la kwenda chini moja kwa moja katika ardhi tambarare, kisha hutengeneza chumba ubavuni. Anayepita huona tundu tu, akadhani ni la panya au nyoka. Asubuhi wenyewe hujitokeza juu ya kijiti karibu na tundu, dume na jike wakitazamana, wakiimba kwa kupokezana kwa kasi kiasi kwamba sauti mbili husikika kama moja, huku wakipunga mikia.

Hondohondo jike hujifungia. Huingia katika pango la mti, huziba mlango kwa matope na kinyesi, huacha ufa mwembamba, kisha huatamia humo akiwa amepukutisha manyoya yake ya kurukia. Kwa majuma kadhaa dume humlisha kupitia ufa huo. Dume likiuawa, nyumba nzima iko hatarini. Kwa hiyo anayemwona hondohondo akirudi tena na tena kwenye shina moja, akiwa na panzi mdomoni, anamtazama baba mwenye familia nyuma ya ukuta.

Katika migunga ya Lodwar kuna mafungu ya nyasi kavu yanayoning'inia kama takataka zilizokwama kwenye mafuriko. Ni nyumba za korobindo mwenye nyusi nyeupe, ndege wa jamii ya kwera. Mti mmoja huweza kuwa na mafungu kumi na zaidi, ingawa kundi lina ndege wachache tu. Kiota cha mayai ni kimoja au viwili. Vilivyobaki ni vyumba vya kulala, kila ndege na chake, vyenye milango miwili kwa ajili ya kutorokea. Karibu vyote huwekwa upande usiopigwa na upepo. Turkana upepo mkali huvuma kutoka kusini-mashariki, ukibanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya. Ndio upepo unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa. Msafiri asiyejua upepo unatoka wapi anaweza kuusoma mtini.

Mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti juu ya makundi 43 ya korobindo hao katika Kalahari. Kila kundi lilionekana kuwa na mtindo wake wa ujenzi, mirija mirefu hapa na mifupi pale, na hali ya hewa, urefu wa mti au undugu wa damu havikutosha kueleza tofauti hizo. Hata ndege waliohamia kutoka kundi jingine walijenga kwa mtindo wa wenyeji wao. Makundi mawili yanayojenga tofauti katika mitaa miwili ya Lodwar hayapaswi kumshangaza mtu. Ndege nao wana desturi.

Nyumba za jamii ya kwera huvutia wapangaji. Kozi kibete, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, hajengi. Katika Afrika Mashariki hukaa ndani ya viota vya mbwika mwenye kichwa cheupe, ndege mkubwa wa jamii ya kwera mwenye kiuno chekundu. Mla nyama na walao wadudu huishi mti mmoja. Shomoro wa rangi ya kahawia iliyoiva ni mporaji waziwazi: dume husumbua kwera wanaojenga kwa makundi, hupeperusha mabawa yake mlangoni mwao siku baada ya siku, mpaka wenye nyumba wachoke na kumwachia kiota.

MVUA ISIYOTABIRIKA NA UJIRANI

Masika yanatazamiwa kati ya Machi na Mei, na mvua fupi kati ya Oktoba na Novemba. Ndivyo kalenda inavyosema. Nchi ya Turkana huweza kupitisha misimu kadhaa bila mvua ya maana, kisha ikapata gharika la siku moja linalobeba mifugo. Ndege anayepanga kuzaa katika hali hiyo anacheza bahati nasibu.

Jibu la kwezi maridadi, yule mwenye mgongo wa buluu inayong'aa na tumbo la rangi ya kutu, ni ushirika. Kiota kimoja huhudumiwa na ndege kadhaa: wazazi na wasaidizi wanaoleta wadudu na kufukuza maadui. Dustin Rubenstein na Irby Lovette walilinganisha jamii za kwezi wa Afrika mwaka 2007, wakaonyesha kwamba ulezi wa pamoja umeenea zaidi kwa zile zinazoishi katika savana ambamo mvua hubadilika sana mwaka hadi mwaka. Rubenstein na wenzake wamewafuatilia kwezi maridadi huko Mpala, Laikipia, kwa zaidi ya miaka 20. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature yanasema kwamba msaada huo hautolewi kwa ndugu peke yao. Ndege wasio na undugu husaidiana kwa zamu: aliyesaidiwa msimu huu humsaidia yuleyule misimu ya baadaye, hata ikipita miaka. Jamii yoyote inayoishi kwa mvua za kubahatisha inaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Kwa hiyo kwezi watano wanaolisha kifaranga mmoja juu ya mgunga hawajachanganyikiwa. Na ndege wazima wanaoacha viota na mayai ghafula si lazima wawe wamelaaniwa. Mara nyingi mvua imekatika, wadudu wametoweka, nao wamepunguza hasara mapema.

KELELE ZENYE MAANA

Bundi akitua mchana katika mwarobaini wa uani, watu wengi wa Afrika Mashariki huingiwa na hofu. Ndege wadogo nao huingiwa na hofu, ila wao wana sababu: bundi huwala usiku. Shore, chozi, kwezi na kwera humzunguka, hukaribia na kurudi nyuma, na kupiga kelele bila kuchoka. Kumzomea adui hadharani hufanya mambo matatu: humwambia ameonekana, huwaita majirani, na huwafundisha wachanga nani wa kuogopwa. Kelele hizohizo, zikielekezwa chini kwenye kichaka au rundo la kuni, mara nyingi humaanisha nyoka. Mwenye nyumba anayeacha kazi na kwenda kutazama kwa tahadhari anafanya busara.

Kwezi maridadi ana milio tofauti ya onyo: mmoja kwa adui wa ardhini, mwingine kwa ndege mwindaji. Huko Amboseli, watafiti Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walionyesha kwamba tumbili huielewa tofauti hiyo. Wakisikia mlio wa mwindaji wa angani hutazama juu, wakisikia ule mwingine hukimbilia miti. Si kila onyo ni la kweli, hata hivyo. Mlamba, ndege mweusi mwenye mkia uliogawanyika, amechunguzwa kwa kina Kalahari na mtafiti Tom Flower. Huiga milio ya onyo ya wanyama wengine, wao hukimbia na kuacha chakula, naye hushuka kukichukua. Karibu robo ya chakula cha siku hupatikana kwa ulaghai huo. Akigundua kwamba mlio mmoja hauaminiki tena, hubadilisha.

VIOO, MAGARI NA WAGENI WA MSIMU

Kundi la mwisho la vituko limeletwa na watu. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013 Lodwar imepata majengo ya ghorofa yenye madirisha ya kioo, na Kakuma ina magari mengi ya mashirika yanayoegeshwa kutwa. Ndege dume anayelinda eneo lake, akijiona katika kioo, huona dume mgeni lisilokimbia. Akipiga, nalo hupiga. Akirudi nyuma, nalo hurudi. Chozi huweza kupigana na kioo cha pembeni cha gari kwa saa nyingi, siku kwa siku, akiacha madoa ya kinyesi mlangoni. Hondohondo hugonga dirisha mpaka wenye nyumba wafungue mlango wakidhani kuna mgeni. Ni ndege wachache sana wanaojulikana kujitambua katika kioo. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walionyesha uwezo huo kwa ndege mmoja wa Ulaya wa jamii ya kunguru. Chozi hajaonyeshwa kuwa na uwezo huo. Dawa ni rahisi: funika kioo cha gari kwa mfuko au soksi kuukuu, na ubandike karatasi au kitambaa upande wa nje wa dirisha, mpaka msimu wa kuzaa upite.

Kuna pia wageni wanaofika wakati Ulaya na Asia zinaingia baridi, kuanzia Septemba na Oktoba. Mmoja wao ni ndege mdogo wa kijivu na kahawia mwenye kiuno cheupe, anayesimama wima juu ya jiwe, huinama mara kwa mara na kumfukuza kila ndege wa aina yake anayeingia uani. Haimbii mwenzi wala hajengi. Analinda chakula tu. Watafiti waliowafunga vifaa vidogo ndege wa jamii hiyo huko Alaska walitangaza mwaka 2012 kwamba ndege hao huja kupitisha baridi Afrika Mashariki, safari ya kilomita zipatazo 14,500 kwa upande mmoja, kwa mwili wenye uzito wa gramu 25 hivi. Ubishi wake juu ya kiwanja cha mita chache unaeleweka zaidi kwa anayejua ametoka wapi.

TABIA ZA KUTILIA SHAKA

Zipo tabia chache ambazo ni za ugonjwa kweli. Ndege mwenye afya, hata akiwa amelala juani, huruka akikaribiwa. Njiwa au kuku aliyepinda shingo, anayezunguka mahali pamoja, anayeburuta bawa au kuharisha kijani, huenda ana kideri, ugonjwa unaoweza kumaliza kuku wa mtaa mzima. Ndege wengi wanaokufa siku moja mahali pamoja, hasa baada ya dawa kunyunyizwa kwa ajili ya kwelea au wadudu, huenda wamekula sumu. Katika hali zote mbili mizoga haishikwi kwa mikono mitupu, haipewi mbwa wala hailiwi; afisa wa mifugo aliye karibu hujulishwa, na mizoga huzikwa au kuchomwa kwa maelekezo yake. Chombo cha maji kilichoachwa bila kuoshwa nacho hueneza maradhi, kwa kuwa ndege wagonjwa na wazima hukinywea pamoja.

Wanaotaka kuwasaidia ndege wa uani hawahitaji mengi. Kisahani kipana chenye kina cha vidole viwili cha maji, jiwe katikati la kutulia, kikiwekwa kivulini mbali na maficho ya paka na kuoshwa kila asubuhi, kinatosha. Mgunga usikatwe kwa sababu una mafungu ya nyasi kavu. Kwezi aliyelala mchangani aachwe amalize kuota jua lake.